Msivunje simu za upepo za vita kwa kutafuta zebaki isiyokuwepo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mzee wa miaka 73, mkazi wa Ujiji, mstaafu wa simu na ishara za reli. Nasoma barua za wasomaji kila zinapotoka lakini sijawahi kuandika. Leo naandika kwa sababu ya nyundo.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka soko la Mwanga na dagaa wangu mkononi, nikasikia bati nene linapigwa nyuma ya vibanda, pale wanapopimia vyuma chakavu. Nikazunguka kuangalia. Kijana mmoja amekaa juu ya kiroba, mbele yake sanduku la chuma la rangi ya kijani iliyochujuka, analitwanga ubavuni. Nililitambua kabla sijalifikia, maana mfano wake ninao nyumbani. Ilikuwa simu ya upepo ya vita, yaani redio ya jeshi ya kupokea na kurusha, ile iitwayo seti namba 19.

“Mwanangu, unatafuta nini humo?”

“Shikamoo babu. Hii redio ya Wajerumani. Ndani ina zebaki nyekundu, kuna tajiri anainunua kwa mamilioni.”

Valvu, zile chupa za kioo zinazoendesha redio za zamani, alikuwa ameshazipasua karibu zote. Koili zimeng'olewa na kuwekwa kando kwenye fungu la kopa. Gengi, ile sehemu yenye mabati membamba ya kutafutia stesheni, imekunjwa kama karatasi ya maandazi. Nilimpa shilingi 15,000 akaniachia mabaki. Nikaondoka na gunia begani, na dagaa nikawasahau palepale.

Kijana yule si mwizi wala si mjinga. Ameambiwa jambo na mtu aliyemwamini, na anayo nyumba ya kulisha. Kwa hiyo namwandikia yeye kwanza, pamoja na wenzake wote wenye mizani, halafu nitawafikia wengine.

Katika gunia lile nilikuta valvu moja nzima. Nimeiweka hapa mezani ninapoandika. Ukiitazama utaona juu kabisa, kwa ndani ya kioo, doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hilo doa ndilo linalowaponza. Mtu akiliona anasema, zebaki hii hapa. Si zebaki. Ni madini ya bariamu. Kiwandani walipokwisha kunyonya hewa yote ndani ya valvu, walikipasha moto kipande kidogo cha bariamu mpaka kikageuka mvuke na kuganda kwenye kioo. Kazi yake ni kunasa mabaki ya hewa yanayojitokeza kadiri miaka inavyokwenda, kwa sababu valvu ya aina hii haifanyi kazi ila ikiwa tupu kabisa. Kioo kikipasuka, hewa ikaingia, doa lile linageuka jeupe kama chokaa wakati unaliangalia. Kijana yule aliniambia kwa macho makavu kwamba zebaki “inakimbia” ukivunja vibaya, ndiyo maana alikuwa anajaribu valvu moja baada ya nyingine kwa upole zaidi. Aliyoyaona ni kweli. Maana yake ndiyo aliyodanganywa.

Zipo valvu kubwa za mitambo ya umeme zilizowahi kutiwa zebaki, lakini ni zebaki ile ile ya kawaida, ya rangi ya fedha, tena ni sumu ya kumharibu mtu mishipa ya fahamu. Hiyo nyekundu ya mamilioni haipo. Hakuna maabara duniani iliyowahi kuionyesha. Wanaoinunua hawapo pia. Waliopo ni wanaochukua pesa ya “kupima” kwanza.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniuma namna hii.

Baba yangu mdogo alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, akaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944. Alikuwa mtu wa simu za upepo. Aliporudi hakuleta mali, alileta Mosi kichwani, zile herufi za milio mirefu na mifupi. Mimi nilipokuwa mtoto alinifundisha kwa kijiko juu ya sinia, taa-ti-taa-ti, taa-taa-ti-taa, mpaka mama akalalamika sinia linabonyea. Alikuwa akisimulia mvua ya bonde la Kabaw, jinsi ukungu ulivyoota hadi ndani ya hedifoni, na jinsi walivyokuwa wakifunika seti kwa turubai wao wenyewe wakalala wanalowa. Mimi nilipoingia reli mwaka 1973, pale Tabora, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, mkono ulikuwa umeshazoea. Mwalimu wetu aliniuliza umejifunzia wapi, nikamwambia kwenye sinia.

Seti yangu niliipata mwaka 2009 katika stoo ya misheni moja iliyokuwa inasafishwa. Ilikaa chini ya madebe ya mawese, mafuta yamechuruzika juu yake kwa miaka, na nadhani mafuta yale ndiyo yaliyoiokoa na kutu. Nilipoifuta kwa kitambaa cha mafuta ya taa, maandishi yakaanza kujitokeza: neno la Kiingereza, na chini yake neno hilo hilo kwa herufi za Kirusi. Kila swichi, kila kifundo, lugha mbili.

Hapo ndipo maneno yalipoanza mtaani. Kila mtu hapa Kigoma anajua kwamba mwaka 1965 Che Guevara na Wakyuba wake walivukia hapa kwenda Kongo mwezi Aprili, wakarudi hapa hapa mwezi Novemba wakiwa wamechoka. Basi redio yoyote ya zamani ikionekana, watu wanasema ni ya Wakyuba, na yenye herufi za Kirusi ndiyo hasa ya majasusi. Siku ya tatu mwenyekiti wa mtaa akaja na mgambo wawili.

“Shikamoo mzee. Tumeambiwa una redio ya kijasusi humu ndani.”

“Marahaba. Karibuni, kaeni. Nitawaonyesha.”

Niliwaonyesha bamba dogo linalosema imetengenezwa Kanada. Seti namba 19 ilibuniwa na kampuni ya Pye ya Cambridge, Uingereza, ikaanza kutumika mwaka 1941 ndani ya vifaru. Baadaye ikatengenezwa pia Kanada na Marekani. Wakati ule nchi hizo zilikuwa zikiwapelekea Warusi silaha, malori na vifaru wapigane na Hitler, kwa hiyo nyingi ziliandikwa lugha mbili ili fundi wa Moscow na fundi wa London wote wasome. Vita vilipokwisha, seti zilizobaki ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikasambaa kila pembe ya dunia kwa watu waliozihitaji. Hakuna siri hapo. Tena fikirini, niliwaambia, jasusi gani atatembea na sanduku la chuma ambalo pamoja na mashine yake ya umeme linahitaji watu wawili kulibeba, halafu limeandikwa Kirusi mbele?

Simu ya jasusi wa kweli haifanani hata kidogo na hii. Mashuhuri kuliko zote katika vita ile ni ile iliyobuniwa na mhandisi John Brown kwa ajili ya idara ya siri ya Uingereza iliyoitwa SOE. Wapenzi wa vyombo hivi wanaiita B2. Ilikuwa ndani ya sanduku la safari la kawaida, kama la karani anayekwenda likizo, kilo 15 hivi pamoja na ufunguo wa kupigia Mosi. Ukifungua kuna sehemu ya kupokelea, ya kurushia, ya umeme, na kijisanduku cha vipuri. Inatumia umeme wa ukutani, na ukikatika inatumia betri ya gari. Hilo la betri lilikuwa la kufa na kupona, kwa sababu Wajerumani waliokuwa wakiwasaka wapiga simu walikuwa na mbinu ya kukata umeme mtaa mmoja mmoja: mawimbi yakikatika sawasawa na taa za mtaa fulani, wanajua mtu wao yuko mtaa huo.

Mmoja wa waliofanya kazi hiyo Paris mwaka 1943 alikuwa Noor Inayat Khan, binti wa mwalimu wa Kisufi kutoka India. Sisi wa Ujiji tuliokulia kwenye zikri za Qadiriya tunajua nyumba ya namna hiyo ilivyo. Alikuwa mwanamke wa kwanza mpiga simu kutumwa na idara ile Ufaransa iliyotekwa. Wenzake walikamatwa karibu wote, akaambiwa arudi, akakataa kwa kuwa angewaacha bila simu. Naye akakamatwa, akauawa Dachau Septemba 1944, umri miaka 30. Mwenyekiti wetu, ambaye jina la mkewe ni Nuru, aliomba nirudie kisa hicho mara mbili. Mgambo mmoja alitoa kofia.

Waliondoka salama, lakini nimejifunza jambo. Tamaa inavunja simu hizi kwa nyundo, na woga unazitupa ziwani. Najua familia moja hapa hapa iliyotosa chombo cha marehemu babu yao usiku, upande wa Kibirizi, kwa hofu ya kuitwa wapelelezi. Walikuja kuniambia baada ya mwaka. Hadi leo sijui kilikuwa nini.

Kuifufua seti yangu kulinichukua mwaka na miezi. Nataka nieleze kidogo, maana wapo vijana mafundi wenye mikono mizuri wanaoharibu kwa haraka tu.

Miezi mitatu ya kwanza sikuiwekea umeme hata kidogo. Nilisafisha. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo katikati ya mabati ya gengi, vyumba sita, vigumu kama tofali. Mabati yale yamepishana nafasi isiyozidi unene wa kucha, na ukilipinda moja tu, namba zote zilizoandikwa kwenye sahani ya stesheni zinakuwa za uongo. Huwezi kuingiza bisibisi pale. Nilichonga uti wa jani la mchikichi, nikaulowesha spiriti, nikawa nakwangua udongo punje kwa punje baada ya swala ya asubuhi, wakati mwanga wa mlangoni unaingia sawa. Siku 11. Mjukuu wangu alishika kioo kunielekezea mwanga, na siku ile bati la mwisho lilipopita bila kukwaruza tuliacha kila kitu tukanywa chai.

Nyaya zilizovikwa mpira zilikuwa zimepasuka kama tope la kiangazi. Ukigusa, mpira unamwagika. Nilibadilisha mmoja mmoja, sikuwahi kukata wa pili kabla wa kwanza haujarudi mahali pake, na kila mmoja nikauandika kwenye daftari la shule. Kapasita za karatasi na nta, vile vidude vya kuhifadhi chaji, ndizo adui mkubwa kuliko wote. Kwa macho zinaonekana nzima, ila karatasi imenyonya unyevu, na ukiziwekea volti 200 zinavuja. Ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho ikivuja, valvu inaungua na transfoma inafuata. Nilizitoa zilizovuja, nikachokonoa matumbo yake, nikaficha kapasita mpya ndogo ndani ya ganda la zamani na kuziba kwa nta ya nyuki. Ukifungua leo utadhani hakuna aliyegusa. Rezista, vile vya kubana umeme, nazo hupanda kwa uzee; iliyoandikwa omu 100,000 niliikuta na 160,000.

Halafu ile mashine ya kuzunguka, inayokula volti 12 za betri ya gari na kutoa zaidi ya 250 za kupokelea na 500 za kurushia. Grisi yake ilikuwa imekauka kama sabuni ya mche. Angalieni hizo 500: zinaua mtu, na kapasita huzihifadhi hata betri ikishaondolewa. Mkono mmoja mfukoni, na hakikisha umetoa chaji kwanza.

Na kamwe, kamwe usichomeke moja kwa moja. Hapa nasema kwa uchungu. Mwaka 1986 mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniletea redio yake ya valvu, ambayo alisikilizia habari za Uhuru 1961. Ilikuwa imekaa kimya miaka. Nilitaka kumfurahisha, nikaichomeka ukutani mbele yake. Haikupita dakika mbili transfoma ikatoa moshi wa lami. Mzee alisema tu, “Basi, mwanangu,” akaibeba kichwani akaenda nayo. Tangu siku hiyo chombo chochote cha zamani nakipitishia umeme kwenye balbu ya wati 40 kwanza. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, kapasita zinajaa, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima. Kuna kitu ndani kimekufa, lakini hujaunguza chochote.

Seti yangu niliiwasha jioni moja ya mwezi Juni, mvua zimekwisha, radi hakuna, antena ni waya kutoka dirishani hadi mwembeni. Balbu ikawaka, ikafifia. Harufu ya vumbi la moto. Mshale wa mita ukasimama penye alama. Kisha, karibu na megahezi 7, sauti ya mwanamke akisoma habari kwa Kihabeshi, safi kabisa. Nikageuza swichi kwenda CW, yaani upande wa Mosi, nikashuka kidogo, nikasikia taa-ti-taa-ti, taa-taa-ti-taa. Mtu mahali fulani anaita yeyote anayesikia. Nilichukua penseli nikaandika alichopiga, herufi kwa herufi, na sikukosea. Baba mdogo alikuwa amefariki miaka 20 iliyopita.

Sijamjibu mtu yule na sitajibu, kwa kuwa sina leseni ya kurusha. Valvu ya kurushia, namba 807, ina kofia ya waya kichwani. Nimeivua na kuifungia kwenye kopo mbali na seti. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka leseni, nami naiheshimu. Wanaopenda kurusha wapite TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wawe wapiga redio wa ridhaa, wapate alama ya wito inayoanza na 5H kama inavyotakiwa.

Neno moja la hatari kwa wavunjaji na mafundi pia. Vyombo vingine vya vita vina mishale na namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani. Rangi hiyo ina radiamu. Siku hizi haing'ai tena, kwa sababu unga uliokuwa unawaka umechoka, lakini radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya miaka 1,600. Usiikwangue, usiipulize, usimpe mtoto achezee. Funga kwenye mfuko, nawa mikono, ulizia Tume ya Nguvu za Atomiki.

Wapo watakaosema vyuma vya zamani vya wazungu vinatuhusu nini. Nendeni bandarini mkaitazame MV Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, ikiitwa bado Graf von Götzen, lakini mafundi wao walizipaka injini grisi nene kabla ya kuiacha iende chini. Ilipoibuliwa mwaka 1924 injini zilikuwa zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Bibi zetu wamesafiri nayo. Aliyepaka grisi ile hakujua nani atakuja kuitumia.

Maombi yangu ni haya. Wenye mizani, mkiletewa sanduku la chuma lenye valvu, mita au herufi za kigeni, msivunje. Pigeni picha, waonyesheni mafundi wa redio wa zamani mjini, mtalipwa zaidi ya kopa iliyomo. Wenye vyombo vya babu zao, msivitupe wala msivipake rangi mpya. Tunzeni pia vijitabu, nyaya na hedifoni hata zikiwa mbovu. Makumbusho ya Livingstone hapa Ujiji wangetupatia kona moja yenye kabati la kioo. Seti yangu nitaitoa bure, na nitakuja mwenyewe kila Jumamosi kuwaeleza watoto wa shule. Na TCRA watutangazie kwa lugha nyepesi utaratibu wa mtu kubaki na chombo cha zamani kisichorusha, akiwa na karatasi ya kumwonyesha mwenyekiti anapogonga mlango.

Kuhusu ile ya Mwanga, nimeifungua yote mezani. Mabati ya gengi nayanyoosha moja moja kwa kibao cha mti, nimefika la tisa. Valvu nimeshaahidiwa tatu na fundi mmoja wa Tabora. Sina mashine yake ya umeme, ambayo kijana anasema aliiuza kivyake kabla sijafika: sanduku zito la kijani, bapa, lenye soketi kubwa za duara mbele. Aliyeinunua, tafadhali asiivunje. Aulizie Ujiji, kwa mzee wa simu za reli, nitamrudishia pesa yake na nauli.

Mstaafu wa reli,
Ujiji, Kigoma